Moto wa Kalembe katika ghorofa ya pili

Walikale, Jumatano jioni

Mungu mwenye rehema asifiwe, aliyetukumbuka sisi tuliofukuzwa makwetu.

Leo tumehamia jengo jipya la ghorofa, jirani na kituo ambapo binti yangu Furaha hufundisha kompyuta. Tangu vita vitutoe Kalembe tumekuwa tukilala katika darasa la shule. Hata hivyo nilikuwa nimemwambia Furaha kwamba sitalala katika nyumba isiyopokea moto wa nyumba ya zamani. Ndivyo mama yangu alivyotulea. Moto wetu ulitoka Kalembe ndani ya chungu. Ulipozimika njiani, tuliuomba tena kwa majirani tuliokimbia nao, ambao tulikuwa tumewagawia.

Nikapanda ngazi na chungu changu, nikipumzika mara mbili.

Papa Kambale, mwenye jengo, alinizuia mlangoni. "Papa, hapa moto njo ile ya umeme, ya ukuta. Utapasua makaro yangu, vigae vya chini."

Furaha aliinamisha kichwa. Nikahofu kwamba nitarudi darasani peke yangu.

Nikamwuliza Papa Kambale, "Na mama yako kule Butembo, alipohama, moto wake aliuhamisha namna gani?"

Alikitazama chungu changu. Kisha akashuka, akarudi na karai la mchanga wa mafundi. "Weka humu, Papa. Lakini chai ya kwanza iko ya mwenye nyumba."

Alikunywa vikombe vitatu.

Nyumba yetu ya Kalembe sijui kama ingali imesimama. Moto wake uko hapa, nami nitalala hapa.

Wewe utakayesoma haya, Mungu akulinde, na jiko la nyumba yako lisipoe.