Hayakuwa Maharagi, Papa

Mupendwa Papa,

Tangu utuache, watu wangali wanabishana juu ya mugomo ule wa mugodini, huku Walikale. Kwa ofisi wanasema ni wageni waliotia fitina. Wale wa Masisi waliokuja kuchimba pamoja na sisi wanasema ni mushahara mudogo. Mwalimu wa misioni yeye anasema ni uvivu tu. Aka! Uvivu, watu waliokuwa wanashinda ndani ya maji ya baridi wakiosha mawe ya bati!

Sisi wawili tulijua. Udongo ulimuangukia muzee Lukas, tukamuzika, na kwetu muntu asipomaliza siku tatu kaburini, hakuna anayepiga jembe. Hata shamba la muhogo linangoja. Kesho yake muzungu, mukubwa wa mugodi, akataka wote kazini. Wakabaki matangani, kaka Petro kati yao.

Wewe, kapita uliyewasimamia kazini, ukaenda kumuelezea. Nilikuwa nimekuletea chakula, nikasimama mulangoni, nikakusikia: "Bwana, batu banakataa kazi juu ya maharagi. Iko na bidudu." Papa! Uliogopa kutaja matanga, sababu alikuwa ameshaapa kuwafunga wazee kwa mambo aliyoyaita ya kishenzi. Ulitaka kuwaokoa. Na maharagi yalikuwa mabaya kweli, hilo sikatai.

Muchana huohuo magunia mapya ya maharagi yakafika. Watu hawakuinuka. Muzungu akaona wanamuchezea, akaita askari, wakamuchukua kaka na wengine wanne. Siku tatu zilipotimia, waliobaki walirudi kazini wenyewe, bila kusukumwa. Wangengojewa siku mbili tu! Kaka hajarudi mpaka leo.

Nilikukasirikia mpaka ulipokufa. Nilikupikia, nilikufulia, lakini kucheka na wewe nilikataa. Ulikuwa unaniita "mama yangu" kama zamani, nami nageuza uso.

Sasa niseme yote. Siku ile, ulipomaliza, muzungu alinigeukia mimi: "Na wewe, ni maharagi kweli?" Ningeweza kusema ukweli. Niliona jasho linakutoka, wewe baba yangu mbele yake, nikakuhurumia, nikajibu: "Ndiyo, Bwana." Akaamini.

Mama angali anakulaumu wewe peke yako. Miaka yote ile, hata nilipokununia mezani mbele yake, hukunitaja.

Lala salama, Papa. Leo jioni naenda kumwambia Mama.

Mimi binti yako, dada yake Petro