Shangazi Kakwama Chooni na Simu Mkononi

We, hutaamini. Shangazi kakwama chooni, kitasa kimemkatikia mkononi, na jikoni kaacha maharage motoni.

Kapigia zimamoto. Unajua nani kapokea? Sauti ileile iliyomwambia "subiri kidogo, mama" mwaka ule jiko lake lilipoungua. Ileile! Hao watu wanadhani raia hana kumbukumbu.

Basi mlango kausahau, maharage kayasahau. "Kumbe bado upo? Nilisubiri mpaka paa likaanguka."

"Mama, uko wapi, tutume gari?"

"Usinikatize. Leo zamu yako kusubiri."

Mjomba alikuwa uani, kanusa maharage yanaungua, kauvunja mlango kwa bega. Bega limevimba.

Shangazi, simu sikioni, hata hakugeuka. "Rudishia mlango, baba. Sijamaliza naye."