Wimbo wa Harusi Uliokataa Kurudi Bayati

Dada Zuhura,

Nakusalimu kwa mapenzi, na vumbi la Voi limeingia mpaka kwenye wino.

Huu wimbo wa harusi yako utanitia wazimu! Kila nikiupiga mbele ya maalim wangu wa udi, jibu ni lile lile, kwa majina yake ya mahadhi ya Kiarabu: "Umeanza bayati vizuri, ukaenda kutembea hijazi. Mbona hurudi nyumbani?" Nikirudi, asema nimeingia kwa jirani. Wiki tatu sasa! Jana nikautupa udi mkekani.

Mlangoni alikuwapo mama mmoja kutoka Mahoo anayetuletea ndizi, ambaye amenisikia siku zote hizo. Huku akipanga chane zake, akauimba wimbo wangu kafumba mdomo, akaushusha taratibu mpaka pale ulipoanzia. Maalim akaruka: "Huo ndio mwisho!"

Nikamwuliza mama kajifunzia wapi bayati.

"Bayati ndiyo nani? Mimi nilitaka tu umalize, unyamaze."

Basi wakiusifu mwisho wake harusini, wewe nyamaza. Nami nakuombea mume anayejua kurudi nyumbani bila kufundishwa.

Kakako, Athmani