Boga la Bluu Kibarazani

Mesa, Arizona
3 Novemba

Dada Marlys,

Salamu. Desturi inanitaka nikuulize magoti yako yanaendeleaje na kama huko Wisconsin theluji imeshaanza. Leo yote mawili sitaki kuyajua. Mimi ni mzima, ila tangu binti yangu Krista anipigie simu siku ile ya Halowini nina hasira, na naandika nayo, kwa hiyo usiniambie mwandiko wangu umeharibika. Nakuandikia kwa sababu simu zako nimeshindwa kuzipokea. Ukiniambia "haloo" kwa ile sauti yako ya upole, nitakutukana.

Britta ametoka hospitali jana. Macho bado yamevimba. Mjukuu wangu ana miaka minane, Marlys, na alilazwa huko na mpira wa hewa puani kwa sababu yako.

Krista amenieleza yote. Mtoto alitoka na familia ya rafiki yake, wamevaa vinyago, kubisha hodi nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Sheria za mzio wake wa karanga anazijua vizuri sana: haonji kitu njiani. Anafika nyumbani, mama yake anaumwaga mfuko mezani, anasoma kila karatasi. Chenye karanga kinatolewa, na chochote kilichopikwa nyumbani kwa mtu kinakwenda kwenye pipa. Mahali pamoja tu anaruhusiwa kutoogopa, penye boga la bluu. Hata watoto wa chekechea wanajua boga la rangi ile maana yake nini: mwenye mzio aje kwa amani, hapa tunagawa stika na vidude vya kuchezea. Wewe ukaliweka kibarazani, ukaketi kando yake na beseni la vitonge vya siagi ya karanga! Mtoto akaona boga, akaona ni kwako, bibi yake, akatia mdomoni palepale kwenye ngazi.

Ulikuwa unafikiria nini? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Ardith


Alder Ford, Wisconsin
10 Novemba

Mdogo wangu Ardith,

Barua yako imefika. Magoti mabaya, theluji imeanguka. Nimekujibu hata kama hukutaka kujua. Na wewe kifua chako kikoje huko jangwani?

Mimi silali. Nilitaka ulijue hilo kabla sijaanza kugombana nawe.

Unadhani nilimwona Britta nikampa? Kibarazani kwangu kilikuja kisanduku cha kadibodi chenye miguu. Alikuwa amejivika uroboti, mwili mzima, hata macho hayaonekani, katikati ya kundi la watoto wanaopiga kelele, "Tupe pipi, la sivyo tunakufanyia vituko!" Yeye hakusema neno. Sasa ndiyo naambiwa alinyamaza makusudi, alitaka nimtambue mwenyewe. Sikumtambua. Zawadi yake ilikuwa ndani, mezani, nimeifunga utepe: chaki za rangi na bangili zinazowaka gizani. Nilikuwa nachungulia barabarani namngoja yeye, Ardith, huku yuko chini ya ngazi zangu anakosa pumzi. Baba wa rafiki yake ndiye aliyemchoma ile sindano ya mzio. Mimi nilisimama na beseni langu kama mjinga.

Lakini hilo boga silibebi peke yangu, hata kidogo.

Unajua kwa nini sigawi pipi. Mume wangu Verlyn walimkata vidole, wakamkata mguu, na mpaka sukari inamuua alikuwa anaficha pipi chini ya mto. Tangu nimzike sijanunua hata moja. Nikagawa machenza, asubuhi nikayaokota kwenye mtaro. Nikagawa bisi, wazazi wakazitupa. Nikagawa zabibu kavu, kitoto kimoja kikanirudishia: "Mpe mwenye njaa, bibi." Mwaka huu nikasaga karanga, nikafinyanga vitonge visivyo na sukari. Wote mliniona kituko, na wewe ulikuwa wa kwanza kucheka.

Umesahau Siku ya Shukrani mwaka jana, jikoni kwa Krista? Ulikuwa unakata bata mzinga. Ulisema mbele ya watu wote, "Marlys, wewe paka boga lako bluu tu, watoto wajue nyumba hii haina pipi, wasijisumbue." Nikakuuliza, "Kumbe ndiyo maana yake?" Ukasema, "Ndiyo, dada, ni boga la wenye afya zao." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilidhani umenisaidia. Nimekaa karibu mwaka mzima nikidhani umenisaidia.

Sasa nijibu wewe.

Dada yako,
Marlys


Mesa
2 Desemba

Dada,

Salamu. Kifua changu ni kilekile.

Nilikuwa nakutania! Kila aliyekuwa jikoni alijua natania. Mwanamke mwenye umri wako anapaka boga rangi kwa sababu ya utani wa sikukuu, haulizi mtu, hata jirani? Wewe unatafuta wa kugawana naye lawama, basi. Mimi sikusaga karanga. Mimi sikukaa na beseni. Nilikuwa huku Arizona.

Na tafadhali usimkumbushe Krista habari za jikoni. Ana machungu ya kumtosha.

Ardith


Alder Ford
20 Januari

Ardith,

Natumaini mwaka umeuanza vizuri. Huku baridi inauma mpaka mifupani.

Sijamkumbusha mtu. Nilikwenda kwa Krista na mikono mitupu, maana sikujua mtu anakwenda na nini mahali kama pale. Hakunifungulia. Tuliongea kupitia kioo cha mlango, kama mfungwa na mgeni wake, na sikujua nani kati yetu ndiye mfungwa. Aliniambia Britta hali kitu ambacho hajasoma karatasi yake. "Hata uji ninaompikia mimi, mama mkubwa, anataka kwanza nimwonyeshe kopo. Keki ya siku yake mwenyewe ya kuzaliwa ameikataa. Ananiangalia usoni ananiuliza, mama, una uhakika? Mimi, mama yake!"

Nilirudi nyumbani nikalipiga lile beseni ukutani. Hasira yangu nusu ni yangu mwenyewe. Nusu nyingine ni yako, ichukue. Uliwachekesha watu, ukapanda ndege ukaenda kwenye jua lako, na leo unaniandikia hukuwepo. Ulikuwepo. Mimi na wewe tumemnyang'anya mtoto imani yake.

Usinijibu kama huna la kusema.

Marlys


Mesa
12 Oktoba

Dada Marlys,

Habari za siku nyingi. Ulisema nisijibu nami nikatii, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Natumaini magoti yanakubeba.

Nimesikia kwamba Halowini ya mwaka huu unataka kufungua mlango tena. Nimeshindwa kuamini masikio yangu. Taa ya kibaraza izime, Marlys! Taa ikizimwa kila mtoto anajua kupita, na mji ule hauna haja ya kukuona umekaa pale tena. Kama mikono inakuwasha lazima utoe kitu, tuma pipi za dukani kanisani, wagawe watu wengine.

Britta amesema hatoki. Atakaa chumbani kwake mpaka mitaa itulie, na mimi namwelewa. Halafu asikie kwamba bibi yake anagawia watoto wa watu zawadi, kama vile hakuna kilichotokea? Huna aibu?

Nakuja Krismasi kwa Krista. Nisikukute mezani.

Ardith


Alder Ford
1 Novemba

Mdogo wangu Ardith,

Natumaini kifua kimetulia. Mimi nipo.

Taa sikuizima. Boga sikuweka, la rangi yoyote. Kwenye meza ya kibarazani niliweka chaki, stika na penseli, hakuna cha kutia mdomoni hata kimoja. Watoto walikuja wachache. Wengine walishikwa mkono na mama zao wakavushwa upande wa pili wa barabara. Niliwaona, na ni haki yao.

Giza lilikuwa halijaingia vizuri alipokuja Britta. Hakuvaa kinyago wala hakubeba mfuko. Krista alibaki chini, amekunja mikono kifuani. Mtoto akapanda ngazi zote, akasimama mbele yangu, akasema, "Bibi, ulinidanganya."

Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga mwaka mzima: kadibodi, utepe, Verlyn, wewe. Niliyaacha yote. Nikasema, "Ndiyo, Britta. Boga lilikudanganya, na mimi ndiye niliyeliweka."

"Nilikaribia kufa."

"Najua."

"Mama anasema hukufanya makusudi."

"Sikufanya makusudi. Lakini nilifanya."

Akanikazia macho. Ilikuwa hasira ya mtu mzima, Ardith, kwenye uso mdogo vile. Nikafurahi kuiona, nakwambia kweli, kwa sababu mtoto aliyejaa woga mtupu asingepanda zile ngazi. Kisha akachukua pakiti ya chaki, akaisoma kwa kidole neno kwa neno, mpaka mahali ilipotengenezwa. Akairudisha mezani.

"Sichukui," akasema.

"Sawa."

"Labda mwakani. Nitasoma tena kwanza."

Akaanza kushuka, halafu akageuka. "Na Bibi Ardith je? Mama anasema yeye ndiye aliyekwambia upake, halafu watu wakacheka. Mama mwenyewe alicheka. Ameniomba msamaha jana."

Naapa sikumkumbusha mtu. Krista alikuwa na lake moyoni muda wote huu, na nilimwona pale chini anajifuta uso kwa mkono wa koti. Tulisalimiana. Sikukaribishwa mezani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Krismasi hutanikuta.

Britta nilimwambia ya Bibi Ardith amuulize Bibi Ardith mwenyewe. Akasema ndivyo atakavyofanya, siku utakayofika, kabla hujavua koti.

Safari njema.

Dada yako,
Marlys