Mistari Miwili Baada ya Vidonge

Mpendwa mshauri, pokea heshima zangu, naomba unisaidie katika jambo ambalo elimu yangu yote imeshindwa kulitatua. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa shahada ya maendeleo ya jamii, mwajiriwa mpya hapa Mpanda mjini, na nimeolewa na Salvator, kijana mpole wa Mishamo. Mwezi uliopita mimba yetu ya kwanza iliharibika ikiwa ya wiki nane; ultrasaundi ilionyesha kuwa moyo haudundi, daktari akanipa vidonge vya kusafisha kizazi, damu ikatoka kwa maumivu ambayo sitayaeleza, kisha nikaagizwa nirudi baada ya wiki mbili kupigwa picha nyingine ili ithibitike kwamba hakuna mabaki, nami nikaitikia kwa adabu, na hadi leo, wiki ya tatu ikiisha, sijarudi.

Sababu yenyewe naona haya kuiandika. Siku niliyopaswa kurudi nilinunua kipimo cha mimba cha mkojo duka la dawa, nikajifungia chooni, na mistari miwili ikatokea, wa pili hafifu lakini upo, nikampigia simu mama mkwe, Mama Vénérande, ambaye amezaa mapacha mara mbili na Mishamo wanamheshimu kwa hilo, naye akasema, "Mkamwana, mmoja katangulia, mwenzake kabaki." Tangu hapo ananitumia kwa basi mizizi ya kuchemsha, ya kushikilia mimba, na juzi iliambatana na mbeleko mpya ya kitenge aliyoikunja pindo kwa mkono wake. Salvator anasema twende tukaone. Namjibu nina kikao. Kila jioni kabla hajarudi naifunga ile mbeleko mgongoni, tupu, nikipika. Damu bado inatoka kidogo kidogo na tumbo linanikata. Ninafahamu, mshauri, kwamba kwenye kioo cha daktari kuna jibu, na ndilo ninaloliogopa, kwa kuwa nisipoenda mtoto wangu bado yupo. Je, ni vibaya nikisubiri mwezi mmoja tu?

Mwenye Mbeleko, Mpanda.

Mwenye Mbeleko,

Pole sana, mdogo wangu. Umefiwa, na hakuna aliyekuja kukaa nawe msibani, kwa kuwa watu huona wiki nane ni chache. Si chache kwa aliyezibeba.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia kwa mpangilio mzuri kama taarifa ya ofisi, lakini ndani yake unaomba ruhusa ya kujidhuru, na ruhusa hiyo sitoi. Kipimo cha mkojo hakimwoni mtoto. Kinasoma homoni ya ujauzito, nayo huweza kubaki mwilini wiki kadhaa baada ya mimba kutoka. Tena hubaki pia pale mabaki yanapokuwa bado ndani. Mistari yako haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo. Ultrasaundi inaweza. Mabaki yakikaa huweza kuleta maambukizi au damu nyingi, yakaumiza kizazi hichohicho unachokitegemea kesho. Wewe msomi unalijua hili, ndiyo maana kikao chako hakiishi.

Mizizi iache leo. Unashikilia nini, nawe hujui kilichomo tumboni?

Kesho asubuhi nenda, na Salvator aingie nawe chumbani. Mweleze daktari yote, pamoja na ulichokunywa. Kioo kikigeuzwa upande wako, tazama au fumba macho. Hilo ni lako kuamua. Lakini ukipata homa, uchafu wenye harufu, maumivu makali, au damu ikalowesha pedi mbili kwa saa moja, usingoje asubuhi.

Ukitoka hapo mpigie mama mkwe wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Sidhani alitaka kukudanganya. Naye alikuwa akimngoja mjukuu, akashika neno la kujifariji, mkalishika wote wawili. Mwambie ulichoonyeshwa, kisha mlie pamoja hata kama ni kwa simu. Na kama ni mtu wa sala, aombe nanyi.

Mbeleko usiirudishe Mishamo. Ifue, ikunje, iweke kabatini. Siwezi kukuahidi ni lini utaifunga tena. Kitenge kinaweza kungoja; wewe huwezi.