Gari Lililolala kwa Ng'ombe

Mama yangu,

Pokea shikamoo yangu kabla ya yote. Marahaba yako najua umeshaitika hapo Kikwajuni ulipokaa. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila uchovu tu. Mdogo anaota meno, usingizi tunausikia kwa watu. Barua hii anakuletea jirani yetu wa huku, mwenyeji wa Bububu, anayekuja likizo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nalia, na wewe ukinisikia nalia huli.

Nilikwambia mjukuu wako Nasra amepata siku ya kwenda hospitali ya mjini kuvalishwa vifaa vya masikio. Tuliambiwa tukiikosa, tungoje mpaka theluji iyayuke. Na baridi ilivyokaza, basi la huku likasimamishwa. Ikawa ni gari letu au hapana.

Sasa sikiliza kazi ya mkweo. Othman hajasahau mafuta yalivyokuwa yakiadimika huko nyumbani. Wakati wa joto alijaza dumu la dizeli akaliweka stoo. "Akiba hiyo, utakuja kunishukuru." Mchana, siku moja kabla ya safari, akalimimina lote kwenye gari. Likawaka, likafika getini, likakohoa, kimya. Kumbe huku dizeli ya joto na ya baridi si moja. Ya joto ikipigwa na baridi kali huganda. Nilipochungulia dumu nikaona masalio meupe, mazito, nikakumbuka chupa yako ya mafuta ya nazi wakati wa kipupwe, unavyoianika barazani ilainike.

Othman akasema, "Lete makaa. Nawasha seredani naiweka chini ya tangi."

"Thubutu! Mama hajapata kuweka chupa ya nazi motoni, wewe uweke tangi la mafuta?"

"Mama yako hana gari."

"Na wewe hutakuwa nalo."

Nikasimama mbele ya gari na mtoto mgongoni, sibanduki.

Ng'ambo ya njia anakaa Bi Birgit, mfugaji, umri wako. Tangu tuhamie, salamu yake ilikuwa kupunga mkono tu, nami nikimdhania ana kiburi. Mama, nilimdhulumu. Alikuja na trekta lake bila kuitwa, akatutazama, akauliza kwa lugha yao, "Mafuta haya mmeyanunua lini?" Othman akaangalia viatu vyake. Bibi akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Basi leo gari lenu litalala kwa ng'ombe."

Othman akadhani katukanwa. Yule bibi keshafunga mnyororo, kalivuta gari mpaka bandani, na ng'ombe anawasogeza kwa kuwapiga makofi ya mapaja kama watoto wanaoziba mlango. Mle ndani mna joto, Mama! Joto la pumzi zao tu. Nikavua koti, nikajiona nimeingia jikoni kwako.

Asubuhi dizeli ilikuwa imelainika. Bi Birgit akaitoa yote, akatia ya baridi aliyokwenda kuinunua mwenyewe, akabadilisha filta, mikono mitupu imepasuka kwa baridi. Nikaanza kushukuru, akanikatiza: "Shukrani baadaye. Gari linapoa." Nikamshika mkono nikaubusu, kama ninavyokubusu wewe. Akashtuka. Kisha akanipa na wa pili.

Hospitali tulifika tunanuka mavi ya ng'ombe, watu wakijitenga kidogo kidogo. Sikujali. Nasra kavalishwa.

Nisalimie shangazi yangu wa Makunduchi, na kaka yangu, na mkewe aliyejifungua. Mwambie asinyanyue ndoo. Othman anakusalimu, dumu keshalitupa. Na wewe, Mama, nimekuombea dua, wewe na Bi Birgit pamoja, kila mmoja kwa jina lake.

Lililobaki nalisema kwa adabu, lakini nalisema. Mlikuwa mkimwita Nasra kwenye simu haitiki, mkasema mtoto hana heshima. Alikuwa hawasikii. Neno hilo lisirudiwe, na shangazi naye aambiwe.

Ukipiga, usipaze sauti. Mwite mara moja, kama unavyoniita mimi, halafu ungoje. Jana nilimwita nikiwa jikoni, nimempa mgongo, mikono imejaa unga. Akaitika, "Abee!" Nikamwita tena bila haja, na tena, mpaka akakasirika.

Mwanao,
Rukia