Dhahabu Inanikimbia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya kwanza kazini. Mimi, Lusia, mtoto wa Kolandoto, sasa ni Afisa Afya na Usalama wa kikundi cha wachimbaji cha Amkeni Tuchimbe. Nimepewa koti la kung'aa, filimbi, na kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na nusu. Hatari ya kwanza mahali pa kazi — kiti cha afisa usalama!

Mzee Magesa, mwenye leseni, amenipokea vizuri. Shikamoo — marahaba, karibu sana madamu. Akanizungusha kote. Karasha la kusagia mawe huku, mama ntilie kule, choo pale (kipo, ila mlango unakuja). Tukafika kwenye duara kubwa, shimo lenyewe la kazi, ambalo wote wanalitegemea kuleta mwamba wa dhahabu. Nikavaa mkanda, nikashika ngazi niteremke nione matimba, ile miti inayozuia kuta zisianguke. Mzee akanishika bega. Hapana, madamu. Mwanamke haingii duarani. Akiingia, dhahabu inakimbia.

Inakimbilia wapi? Nimeuliza kwa nia njema kabisa. Akasema inashuka chini zaidi. Nikasema basi si mtaifuata? Hakucheka.

Kwa hiyo nimeajiriwa kuwalinda watu walio chini, kwa sharti la kubaki juu. Nikauliza kwa nini basi hakutafuta mwanamume. Akajibu kwamba wakaguzi walitaka mtu mwenye cheti, na mwenye cheti aliyekubali kulala machimboni nilikuwa mimi tu. Sifa kama hizo mtu unazipata wapi?

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha usalama asubuhi. Somo: vumbi la mawe linavyokula mapafu. Nimegawa barakoa na kofia ngumu, kofia hakuna aliyevaa. Wamesikiliza kwa heshima zote, wawili wakiwa macho. Mchana nimekuta barakoa moja kwa mama ntilie, inachuja chai. Chai safi kweli. Mapafu tutayaona mbele ya safari.

Shemeji Donatus amenionea huruma. Huyu ni mume wa dada yangu Limi, na ndiye kiongozi wa zamu duarani. Shemeji, kaa kivulini ule upepo, anasema, mimi nitakuwa macho yako. Anashuka na simu, anapiga video, akipanda ananionyesha. Sasa nakagua mgodi kama watu wanavyoangalia harusi ya ndugu aliye mbali. Video ya kwanza: uso wa shemeji, mwanzo hadi mwisho. Ya pili: wenzake wakicheza. Ya tatu: kidole chake. Matimba nimeyaona kwa nyuma, yakipita.

Nimemwambia apige kuta. Kuta zina nini cha kuonyesha, kaniuliza. Na dada ana mimba ya tano.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu jana. Leo nyuma ya winchi nimeona ufa juu ya ardhi, umeuzunguka mdomo wa duara kwa upande mmoja. Mwembamba, ncha ya kidole inaingia kwa shida. Nimefanya kama nilivyofundishwa: kigingi ng'ambo hii, kigingi ng'ambo ile, kamba katikati. Ufa ukipanuka, kamba itakaza. Haihitaji umeme wala mganga.

Nimewaeleza wote. Wameelewa. Wameniuliza hata maswali! Baada ya chakula nimekuta kamba yangu imeanikwa soksi. Nimezitoa. Mwenye soksi kalalamika kwamba najali ufa kuliko miguu ya watu, na je, afya mahali pa kazi si pamoja na soksi kavu? Chuo kilinipa cheti bure.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Ibada. Mvua tena. Nimepita kuangalia kamba. Haina soksi. Imeanza kukaza.

Jumanne, 11 Machi

Kamba imekaza kabisa. Nimeigusa kwa kidole, imelia.

Na leo shemeji kapiga kuta. Maskini, kajitahidi. Timba moja limepinda katikati, na nyuma yake tope linachuruzika. Vijiwe vinadondoka, unavisikia. Kanirushia video hiyo, nimeirudia mpaka simu yangu ikaisha chaji. Shemeji anasema ni kawaida, duara linapumua. Ndiyo, shemeji. Hata mgonjwa hupumua mpaka pale anapoacha.

Nikaenda kwa Mzee Magesa. Nikamwomba atoe watu, tuweke matimba mapya, tusubiri ardhi ikauke. Kaniomba wiki moja tu. Mwamba umeanza kujionyesha, madamu, tukitoka sasa jirani naye anachimba, atatuwahi kwa chini. Halafu kanituliza: Mzee Jilala, mtaalamu wao wa mambo ya jadi, keshachinja mbuzi pale mdomoni mwezi uliopita. Duara limefungwa. Haliwezi kuanguka.

Tulifundishwa kupangilia njia za kudhibiti hatari. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Ikishindikana, mwondoe mtu. Ikishindikana, weka kizuizi. Mbuzi sikumwona popote. Pengine yumo kwenye toleo jipya.

Nimewapigia wakaguzi. Wamenipongeza kwa kufuatilia. Gari liko gereji, watakuja wiki ijayo.

Jioni nikamwambia Donatus asishuke kesho. Kaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto. Shemeji, nisiposhuka watoto watakula nini, video? Nimecheka naye. Halafu nimeingia chumbani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kila mtu ana jibu lake: mbuzi, mwamba, watoto, jirani. Mimi ndiye mwenye koti la kung'aa.

Jumatano, 12 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nimekuta kamba imekatika. Zamu nzima iko chini. Nikapuliza filimbi. Walio juu wakageuka kuniangalia ninauza nini. Walio chini hawakusikia kitu, kompresa ya kupeleka hewa chini inanguruma. Nikamwambia mtu wa winchi awaite. Hana amri, anasema, amri anayo Mzee. Nikampigia Mzee. Yuko Bugarama kununua mipira ya kompresa, simu haipatikani. Nikainama mdomoni mwa duara nikaita kwa sauti yangu yote. Sauti ya Donatus ikapanda kutoka gizani: shemeji, kelele, tuko kazini!

Sijui niliamua saa ngapi. Najua nilivaa mkanda. Mtu wa winchi akaniona nashika ngazi, akaanza kunisihi, mama, mama, usifanye hivyo mama. Nikaweka mguu. Wa pili. Kichwa kikapita ukingo. Hapo ndipo alipozima kompresa mwenyewe, bila amri ya mtu, akapiga yowe: mwanamke kaingia!

Ah! Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, tangazo langu la hatari limefika chini.

Niliteremka mpaka jukwaa la kwanza nikamulika tochi. Timba lililopinda limevunjika. Ukuta umetoka tumbo. Nimeona kwa macho yangu mawili, si kwa simu ya shemeji. Halafu nikasikia miguu yao kwenye ngazi, nikapanda haraka kuwapisha. Nimewahi kuhudhuria zoezi la kujiokoa katika mgodi mkubwa, wenye ving'ora na vipaza sauti na wazungu wenye saa. Hawakuwa na mbio hizi. Watu walitoka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto! Hakuna aliyerudi kuchukua hata nyundo.

Nilitaka kuwahesabu, nikashindwa kwa furaha. Wote. Wote wako juu.

Wakanizunguka. Nikaanza kueleza habari za ukuta. Hakuna aliyesikiliza. Donatus alikuwa wa mwisho kutoka, kasimama mbele yangu akihema. Kasema, Lusia, umetuua. Lusia. Tangu amuoe dada hajawahi kuniita jina langu.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao. Si changu. Mzee Jilala kaja na kigoda chake, msafi, mpole, kaniamkia yeye kwanza: mwangaluka, binti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikaona aibu, nikampa shikamoo yake.

Hukumu: duara limenajisika. Lazima lioshwe kwa mbuzi mweupe. Na aliyelinajisi ashike kamba ya huyo mbuzi kwa mkono wake, mpaka achinjwe. Bila hivyo hashuki mtu.

Nikauliza, na nikichelewa? Hashuki mtu, binti. Nikiugua? Yaya, hapana, hashuki mtu. Hata ikipita masika yote? Mzee Jilala akakunja mikono. Mwiko ni mwiko.

Nimesoma kanuni za usalama kurasa kwa kurasa. Zina vifungu, zina faini, zina mhuri wa serikali. Sijaona hata moja yenye meno haya. Wachimbaji wazima, waliozishinda barakoa zangu na kamba yangu na filimbi yangu, wamekaa juu ya ndoo wakisubiri, na hakuna anayediriki hata kuchungulia shimo.

Mzee Magesa akasema mbuzi atapatikana, kesho asubuhi tumalize. Nikasema sawa, Mzee.

Nimepanda pikipiki hadi lami, nikapata basi. Niko Kolandoto kwa mama. Nimemwambia nimepewa likizo.

Ijumaa, 14 Machi

Simu haipumziki.

Mzee Magesa, mara ya kwanza: madamu, tuko hapa tunakusubiri. Mara ya pili: mbuzi kapatikana, ni mweupe pee. Mara ya tatu hakupiga, kaandika. Nimefukuzwa kazi kuanzia leo. Baada ya muda ujumbe mwingine: umefukuzwa, lakini njoo kwanza ushike mbuzi.

Hivyo ndivyo nilivyo, afisa usalama asiye na kazi, mwenye mafanikio makubwa kuliko wote nchini. Watu wangu wote wako salama kwa sababu mimi nimejificha jikoni kwa mama yangu nikimenya viazi.

Mama keshajua. Habari za machimbo zinafika kabla ya basi. Anasema nikamalize mambo ya watu. Anasema na jingine, kwa sauti ya chini: kule wameanza kuulizana, ni mwanamke wa namna gani anayejua ardhi itapasuka kabla haijapasuka? Mama hakutania. Usukumani swali hilo halina utani, kuna wanawake waliojibu kwa damu. Nilicheka mbele yake. Ninaogopa. Naliandika hapa kwa sababu sina pa kulisema.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kubwa mno. Nimeamka nasikiliza bati na kuomba. Nikajikuta naomba duara lianguke. Leo, likiwa tupu, bila mtu! Afisa usalama kapiga magoti kuomba ajali. Nimpe Mungu na vipimo vya duara?

Lakini hesabu yake hainitoki. Likianguka, mchawi ni mimi. Lisipoanguka, mwongo ni mimi. Lililobaki ni kukaa hapa mpaka ardhi ikauke au wakaguzi wapate gari, chochote kitakachotangulia. Nilishaanza kuamini naweza.

Mchana. Dada Limi kaja. Na tumbo lake hilo, kwa basi, kwa mvua hii. Na mbuzi.

Sikuelewa mara moja. Nilimwona mbuzi mweupe uani kwa mama, kalowa, kasafiri kwenye buti chini ya mizigo, na nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Limi akanieleza bila kuniangalia. Mzee Jilala kalifikiria upya. Kaona si lazima niende. Nishike kamba hapa hapa, jirani wa mama achinje, Limi apige simu kule, basi, duara ni safi. Mwiko ni mwiko, lakini kumbe hupanda basi.

Nilimwonyesha video. Ile ya Jumanne. Nikamwonyesha timba, nikamweleza kwamba sasa limevunjika, nikamweleza tumbo la ukuta. Dada kaitazama yote. Pale mwishoni, shemeji anapogeuza simu kwenye uso wake na kukonyeza, Limi katabasamu. Kasema amekonda. Kasema, mdogo wangu, unga umeisha tangu juzi, na Donatus anakaa uani siku nzima haongei na mtu, hata mwanetu Wiliam akimwita haitiki. Kushika kamba tu. Ni kamba tu, Lusia.

Nikamwuliza, na likimwangukia? Akajibu, na ukikataa, akashuka shimo la watu wengine lisilo na mtu wa kumpigia kelele kama wewe?

Nimeingia chumbani nimefunga mlango. Ndipo ninapoandika. Mbuzi analia, mama kampa maganda ya viazi. Jirani kaja na kisu, wanamkaribisha kiti. Limi anagonga, si kwa nguvu. Hanigombezi. Ningependa anigombeze. Anaongea kupitia tundu la kitasa, taratibu, kama tulivyokuwa tukiongea utotoni baada ya kuchapwa. Anasema Donatus yuko hewani, hajakata simu. Wenzake wote wako naye mdomoni mwa duara, wamefunga mikanda, wanasubiri neno moja tu kutoka huku.

Anasema, na zile kofia ngumu wamevaa, mdogo wangu. Leo wote, hata yule wa winchi. Donatus ndiye kawaambia. Kasema ukisikia utafurahi.